Barua ya wazi kwa mnaotaka kuhifadhi mawasiliano ya kila mtu

Kwa mawaziri wa usalama, wakuu wa idara za ujasusi, wabunge mnaopitisha sheria za mawasiliano, na majaji mnaopelekewa maombi ya kunasa simu za watu, popote mlipo.

Waheshimiwa,

Nianze na tunayokubaliana, tusipotezeane muda. Wapo watu wanaopanga mauaji kwa simu. Wapo wanaowinda watoto mtandaoni, na wapo matapeli wanaokomba akiba ya mzee wa watu kwa meseji moja tu. Ofisa akimshuku mtu, akaenda kwa jaji, akaeleza anamshuku nani na kwa sababu gani, akapewa kibali cha kunasa laini ya mtu huyo kwa muda unaojulikana, sina ugomvi naye. Hiyo ni kazi ya dola, na nataka ifanywe vizuri.

Ninaloandikia ni lile jingine mnalolipenda zaidi kwa kuwa ni rahisi: kuzoa mawasiliano ya kila mtu kwanza, kuyahifadhi, kisha mshukiwa atafutwe humo baadaye. Hoja yangu ni moja. Ghala mnalolijenga kwa njia hiyo halimtambui aliyelijenga. Atakayeingia ndiye mwenyewe, awe adui wa nje, awe karani wenu mwenye wivu, au serikali itakayokuja baada yenu na kuwakuta ninyi ndio wapinzani.

Tazameni yaliyotokea Athens. Mwaka 2004, Ugiriki ikiwa na Michezo ya Olimpiki, watu wasiojulikana walipenyeza programu ya siri ndani ya mitambo ya kampuni ya simu ya Vodafone nchini humo. Mitambo hiyo ilitengenezwa na Ericsson, na ndani yake mlikuwa na uwezo uliowekwa makusudi ili polisi wenye kibali waweze kusikiliza simu. Kampuni yenyewe ilikuwa haijaanza hata kuutumia uwezo huo. Wavamizi ndio walioutumia. Hawakuhitaji kuchimba njia yao, waliikuta tayari imechimbwa. Kwa miezi kadhaa simu za watu zaidi ya 100 zikawa zinanakiliwa na kupelekwa kwenye laini za malipo ya kabla. Miongoni mwa waliosikilizwa alikuwamo Waziri Mkuu Kostas Karamanlis, meya wa Athens, na mawaziri na maofisa wa wizara nyeti. Kilichowaumbua wavamizi ni kitu kidogo tu: mapema mwaka 2005 baadhi ya meseji za wateja ziligoma kufika, mafundi wakaanza kuuliza kwa nini, na katika kuchimbua chanzo cha hitilafu wakaikuta programu ambayo hakuna aliyeiagiza. Wananchi waliambiwa Februari 2006.

Naomba muisome tena orodha hiyo ya waliosikilizwa. Wengi wao walikuwa watu wa ngazi yenu. Mlango uliotengenezwa kwa ajili ya wahalifu ukatumika kumsikiliza mkuu wa serikali.

Mkisema hayo ni mambo ya kale, basi chukueni ya juzi. Tarehe 13 Novemba 2024, FBI pamoja na CISA, wakala wa Marekani unaoshughulikia usalama wa mitandao, walitoa taarifa ya pamoja kwamba wadukuzi wenye uhusiano na serikali ya China wameingia katika mitandao ya kampuni kadhaa za simu za Marekani. Waliondoka na rekodi za simu za wateja. Waliyafikia mawasiliano ya faragha ya watu kadhaa, wengi wao wakiwa wa serikalini au wa shughuli za siasa. Na walinakili pia taarifa zilizokuwa zimeombwa na vyombo vya dola kwa amri za mahakama. Ikumbukwe kwamba tangu mwaka 1994 sheria ya Marekani inazilazimisha kampuni za simu kuweka uwezo wa kunasa mawasiliano ndani ya mitambo yao. Lengo lilikuwa kuwasaidia polisi wa nchi hiyo.

Kilichofuata kingechekesha kama si uzito wake. Desemba 2024 CISA iliwashauri viongozi waandamizi wa serikali na wanasiasa watumie programu za ujumbe uliofumbwa mwanzo hadi mwisho, yaani ule unaosomeka kwa mtumaji na mpokeaji peke yao. Ni teknolojia ile ile ambayo wakuu wa FBI walikuwa wamelalamika kwa miaka mingi kwamba inawafichia wahalifu. Maji yalipofika shingoni, kinga ya raia ikawa kinga ya wakubwa. Sasa nawauliza ninyi ambao bado mnaandaa miswada ya kuzilazimisha kampuni ziache tundu kwenye mafumbo hayo: tundu hilo mtalifundishaje kumtofautisha ofisa wenu na jasusi wa nchi nyingine? Tundu ni hesabu tu iliyoandikwa ndani ya programu. Haliulizi kitambulisho.

Hata hivyo, adui wa nje si wa kwanza kunitia hofu. Kikulacho ki nguoni mwako.

Septemba 2013, mkaguzi mkuu wa NSA, shirika la Marekani linalonasa mawasiliano duniani, alimwandikia seneta Charles Grassley kumjibu swali lake kuhusu wafanyakazi waliotumia mitambo vibaya kwa makusudi. Alitaja visa 12 vilivyothibitishwa tangu mwaka 2003. Kimoja ni cha mwaka 2005: mtu alipewa ruhusa ya kuingia kwenye mfumo, na siku ile ile ya kwanza akatafuta anwani sita za barua pepe za mpenzi wake wa zamani. Alipoulizwa akasema alikuwa anajifunza kutumia mfumo. Kingine ni cha mfanyakazi aliyekuwa kituo cha nje ya nchi, ambaye kati ya 1998 na 2003 alinasa namba tisa za simu za wanawake wa kigeni bila sababu yoyote ya kazi na kusikiliza mazungumzo yao. Huyu hakukamatwa na mtambo wala na msimamizi wake. Aliyemfichua ni mmoja wa wanawake hao, naye pia mtumishi wa serikali ya Marekani, aliyemweleza mtu kwamba anahisi bwana huyo anasikiliza simu zake.

Hivi ni visa vilivyojulikana, tena katika shirika lenye fedha, wanasheria na wakaguzi kuliko mashirika mengi ya aina hiyo. Idara yenu ina mkaguzi wa namna hiyo? Je, aliwahi kumwandikia mbunge yeyote barua ya namna hiyo, mbunge akaitoa hadharani wananchi wakaisoma? Kama hajawahi, msiniambie kwamba kwenu hakuna matumizi mabaya. Niambieni kwamba hakuna anayehesabu.

Najua jibu lenu la akiba. Mnasema hamsikilizi maneno, mnachukua namba tu, na saa, na muda wa maongezi, na mnara ambao simu ilikuwa karibu nao. Mnalisema kana kwamba ni jambo dogo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwaomba watu zaidi ya 800 wawape kwa hiari rekodi za simu zao, bila neno hata moja la mazungumzo, na mwaka 2016 wakachapisha walichokiona. Kwa mmoja waliotea kwamba ana tatizo la mapigo ya moyo, kwa sababu ya simu kati yake na kituo cha magonjwa ya moyo, maabara na namba ya msaada ya kifaa cha kupimia moyo. Kwa mwingine waliotea aina ya bunduki aliyonayo. Wote wawili ilikuwa kweli. Na Michael Hayden, aliyeongoza NSA kisha CIA, alisema hadharani mwaka 2014 kwamba Marekani huua watu kwa kutegemea taarifa za aina hiyo. Kitu kinachotosha kumuua mtu hakiwezi kuwa kidogo mnapokichukua kwangu.

Fikirini kuhusu mwanamke mmoja, hana jina wala nchi. Saa tisa usiku anampigia dada yake, wanaongea dakika arobaini. Asubuhi anapiga kwa wakili wa kesi za ndoa. Mchana anapiga kwa dalali wa nyumba za kupanga. Baada ya siku nne simu yake haionekani tena usiku chini ya mnara ule wa zamani, imehamia upande mwingine wa mji. Hakuna aliyesikia sentensi hata moja, lakini habari yote imo. Sasa mume anayemkimbia awe ni mtumishi wa idara yenu, mwenye neno la siri la kuingilia kwenye mfumo. Sheria yenu inamlinda mwanamke huyu kwa kifungu kipi?

Na faida je? Maana mngeniambia kwamba gharama ni kubwa lakini roho za watu zinaokolewa, ningesita. Hilo limewahi kupimwa. Tarehe 5 Juni 2013 gazeti la The Guardian lilichapisha amri ya siri ya mahakama iliyoitaka kampuni ya Verizon ikabidhi kila siku rekodi za simu za wateja wake, washukiwa na wasio washukiwa. Chanzo chake kilikuwa Edward Snowden, mkandarasi wa NSA aliyevujisha siri za shirika hilo. Bodi ya Marekani inayosimamia faragha na haki za raia, ambayo ni chombo cha serikali na wajumbe wake walipewa ruhusa ya kuona nyaraka za siri, iliuchunguza mpango huo na kutoa ripoti Januari 2014. Haikupata hata kisa kimoja cha tishio dhidi ya Marekani ambapo mpango huo ulileta tofauti ya maana katika matokeo ya uchunguzi wa ugaidi. Mwaka 2015 Bunge la nchi hiyo likauzuia uzoaji huo wa rekodi za simu za ndani, na mwaka 2020 mahakama ya rufaa ikasema mpango ule ulivunja sheria.

Kabla ya hapo Bunge hilo lilikuwa limejaribu kuuliza. Machi 2013 seneta Ron Wyden alimuuliza mkuu wa ujasusi, James Clapper, mbele ya kamati na mbele ya kamera, kama NSA inakusanya taarifa za aina yoyote kuhusu mamilioni ya Wamarekani. Clapper akajibu hapana, si kwa kujua. Wyden alikuwa analijua jibu la kweli, ila kanuni za siri zilimfunga mdomo. Miezi mitatu haijatimia, amri ya Verizon ikawa gazetini, na Clapper akalazimika kuiandikia kamati kwamba jibu lake lilikuwa na makosa. Sisemi kila mkuu wa ujasusi ni mwongo. Waheshimiwa wabunge, maneno haya nawaelekezea ninyi: kama mnachojua kuhusu idara hizi ni kile tu idara zenyewe zinachopenda kuwaambia, basi hamzisimamii. Mnazipigia makofi.

Kuhusu ile kauli ya "asiye na la kuficha asiogope", sitakaa nayo sana. Wanaoitamka huwa na milango chooni na pazia dirishani. Lakini ina ubaya mmoja usioonekana kwa macho. Mtafiti Jonathon Penney alipochunguza usomaji wa makala za Wikipedia zinazohusu ugaidi, aliona kwamba baada ya Juni 2013, habari za Snowden zilipotapakaa, idadi ya waliozifungua ilishuka ghafla. Wale hawakuwa magaidi. Walikuwa watu waliotaka kujua jambo, wakaogopa kuonekana wanataka kulijua. Hakuna aliyewakataza, na hakuna sheria iliyovunjwa. Utawala unaoweza kuwafanya raia wajinyamazishe wenyewe hauhitaji kumfunga mtu.

Wanaoumia kwanza ni wale ambao kazi yao ni kusikia siri za wengine: wakili, daktari, kiongozi wa dini, mwandishi wa habari. Mwaka 2008 mwandishi wa habari za uchunguzi wa Afrika Kusini, Sam Sole, alihisi kwamba simu yake inasikilizwa. Akalalamika kwa inspekta mkuu wa ujasusi, akajibiwa kwamba hakuna kosa lililoonekana. Aligoma kutulia, lakini angefanya nini? Sheria ilikataza mtu aliyenaswa asiambiwe kamwe, hata kazi ikiisha, hata akionekana hana hatia. Alikuja kujua mwaka 2015, tena kwa bahati: katika kesi iliyomhusu Jacob Zuma, nakala ya mazungumzo yake na mwendesha mashtaka iliambatanishwa kwenye nyaraka za mahakama. Alijisoma mwenyewe akizungumza.

Yeye na wenzake wa amaBhungane, kituo cha uandishi wa habari za uchunguzi, wakafungua kesi. Tarehe 4 Februari 2021 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ikatamka kwamba sheria ile inakwenda kinyume na katiba. Ikaagiza kwamba aliyenaswa aarifiwe ndani ya siku 90 baada ya kibali kuisha muda, isipokuwa jaji akiridhishwa kwamba kumwarifu kutaharibu uchunguzi. Ikasema pia kwamba jaji anayetoa vibali lazima awe huru kweli, na kwamba akiombwa kibali dhidi ya mwandishi wa habari au wakili aelezwe kazi ya mtu huyo kabla hajaamua. Na uzoaji wa jumla wa mawasiliano uliokuwa ukifanywa na kituo kimoja cha serikali ikaukuta hauna sheria yoyote inayouruhusu. Hakuna. Ulikuwa ukifanyika tu.

Miezi mitatu na ushee baadaye, tarehe 25 Mei 2021, Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilisema mfumo wa Uingereza wa kuzoa mawasiliano kwa wingi ulikiuka haki ya faragha na uhuru wa kujieleza, na moja ya kasoro ilizozitaja ni kwamba vibali vilitolewa na waziri badala ya chombo huru. Haikuupiga marufuku uzoaji wenyewe, na hapo naona ilikuwa na huruma kupita kiasi. Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilikwenda mbali zaidi: tamko lake la mwaka 2019 kuhusu uhuru wa kujieleza na kupata habari linazitaka serikali zisikusanye wala kuhifadhi mawasiliano ya watu ovyo bila kumlenga mtu maalumu. Hilo ndilo ninalolitaka, na liko kwenye maandishi tayari. Wale ambao nchi zenu ni wanachama wa Umoja wa Afrika hamwezi kusema mmeletewa wazo la kigeni.

Kwa hiyo ninayoyaomba si mapya. Kibali kimtaje mtu, kitaje sababu, kiwe na tarehe ya kuisha, na kitolewe na jaji ambaye hateuliwi kwa siri na wale wanaomwomba. Kampuni za simu na za intaneti zisilazimishwe kutunza rekodi za watu wote. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilishaifuta sheria ya Umoja huo iliyolazimisha hivyo, tarehe 8 Aprili 2014. Programu za kudukua simu za watu zisinunuliwe kwa bajeti ambayo Bunge halijaiona. Mwaka 2019 WhatsApp ilisema simu zipatazo 1,400 zililengwa kwa programu ya Pegasus ya kampuni ya NSO ya Israel, ambayo husema huwauzia serikali tu, na miongoni mwa walengwa walikuwamo waandishi wa habari na watetezi wa haki. Mafumbo ya ujumbe yaachwe salama. Kila mwaka itolewe idadi ya vibali vilivyoombwa, vilivyotolewa na vilivyokataliwa. Kama vilivyokataliwa ni sifuri mwaka hadi mwaka, tutajua jaji ni muhuri.

Mtasema wahalifu watafaidika. Wengine watafaidika, sikatai, kama wanavyofaidika na sheria inayomzuia polisi kuvunja mlango bila hati. Nchi zimeishi na sheria hiyo muda mrefu na polisi wake wameendelea kuwakamata wezi.

Mkikataa yote haya, basi kubalini hata moja, lile la kuarifiwa. Linagharimu barua moja, tena baada ya kazi yenu kwisha na mshukiwa kuonekana hana neno. Naomba waziri anayehusika anijibu kwa maandishi, hadharani, kabla mswada ujao haujasomwa mara ya pili: mkishanisikiliza mkakuta sina kosa, ni nani hasa atakayeniarifu, na ndani ya siku ngapi?

Wenu,
Mlipakodi mmoja